Tairi la Misimu Yote: Historia ya Sifa Zinazopingana

Tairi la misimu yote hutengenezwa ili libaki kwenye gari mwaka mzima, juani, mvuani na kwenye theluji nyepesi, bila kung'olewa majira yanapogeuka. Tairi la radiali la aina hiyo lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977, lakini haja yake ina umri sawa na wa gari lenyewe. Ugumu wake uko katika sifa zinazopingana. Tairi linaloshika theluji huwa laini na lenye mikato mingi. Linalodumu kwenye lami ya moto huwa gumu, na mabonge ya mpira wake hayachezi. Linalofukuza maji linahitaji mifereji, na kila mfereji hupunguza mpira unaogusa barabara. Tangu mwanzo, aliyeongeza sifa moja alilipia kwa nyingine. Kilichobadilika katika muda wa zaidi ya miaka mia moja ni ukubwa wa malipo hayo, pamoja na alama zinazomwezesha mnunuzi kuyajua kabla ya kutoa fedha.

Mpira ulioshindwa na jua na baridi

Tatizo la hali ya hewa lilikuwapo kabla ya gari. Mwanzoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ulaya na Marekani viliuza makoti, viatu na mifuko ya mpira mbichi uliotoka misitu ya Amazon. Bidhaa hizo zililainika na kunata wakati wa kiangazi, na majira ya baridi zikakakamaa na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hubaki na mnyumbuko wake katika joto na katika baridi. Alipata hataza mwaka 1844, na mwaka huohuo Thomas Hancock akapata yake Uingereza kwa kazi ya aina hiyohiyo. Bila ugunduzi huo tairi lisingewezekana. Goodyear alikufa mwaka 1860, miaka 38 kabla ya kuanzishwa kwa kampuni ya matairi iliyochukua jina lake.

Tairi la upepo lilibuniwa mara mbili. Mskoti Robert William Thomson alilipatia hataza mwaka 1845 kwa ajili ya magari ya farasi: mrija wa turubai lililopakwa mpira ndani ya gamba la ngozi. Lilipunguza nguvu ya kuvuta gari na kelele zake, lakini lilikuwa ghali na likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo la baiskeli bila kujua kazi ya Thomson, na baadaye hataza hiyo ikabatilishwa kwa sababu ya ile ya 1845. Safari hii soko lilikuwa tayari. Ndugu André na Édouard Michelin wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, walitengeneza mwaka 1891 tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa na kurudishwa kwa urahisi, na mwaka 1895 wakaingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Mahitaji ya mpira yakapanda ghafla, na gharama yake ikaangukia watu wa mbali. Katika Kongo ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kukusanya utomvu wa mitambaazi ya porini kwa viwango walivyopangiwa, na walioshindwa waliadhibiwa kwa kuchapwa, kutekwa kwa wake zao, kukatwa mikono na kuuawa. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, walowezi walipanda mpira wa aina ya Ceará katika maeneo ya Tanga na Usambara. Mashamba hayo yaliporomoka mwaka 1913, bei iliposhushwa na mpira wa bei nafuu kutoka mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Kutoka uso laini hadi kashata

Matairi ya kwanza ya gari yalikuwa na rangi ya maziwa, na uso wake ulikuwa laini kabisa. Kwenye barabara kavu ya vumbi hilo halikuwa tatizo kubwa. Kwenye mawe yaliyolowa au matope, gari lilipoteza mwelekeo mara dereva alipokanyaga breki. Tiba ya mwanzo ilikuwa kulivisha tairi ngozi: Michelin ilitoa mwaka 1905 tairi lililofunikwa ngozi yenye vichwa vya chuma. Kabla yake, mwaka 1904, Harry D. Weed wa jimbo la New York alipata hataza ya minyororo ya kufungwa kwenye tairi wakati wa matope na theluji. Mwaka huohuo kampuni ya Continental ya Hannover, Ujerumani, ilitoa tairi la gari lenye michoro iliyochongwa usoni, kile ambacho mafundi wa Tanzania hukiita kashata.

Mjini Akron, Ohio, palipokuwa kitovu cha viwanda vya matairi vya Marekani, Harvey Firestone alikuja mwaka 1908 na tairi lililoonyesha jinsi elimu ya kashata ilivyokuwa changa. Uso wake haukuwa na mifereji ya kupitisha maji. Ulikuwa na maneno yaliyoinuliwa na kupangwa kwa mshazari, jina la kampuni likifuatwa na maneno yanayosema halitelezi, kiasi kwamba gari lilichapa tangazo hilo vumbini kila lilikopita. Kingo za herufi zilishika barabara, lakini umbo lake lilichaguliwa na muuzaji kuliko mhandisi. Kampuni ya Goodyear nayo ilijibu kwa kashata ya almasi iliyoitwa kwenye matangazo tairi la hali zote za hewa. Jina hilo lilitangulia uwezo: mchanganyiko wa mpira ulikuwa uleule wa matairi mengine, na kwenye theluji dereva bado alihitaji minyororo.

Hatua kubwa zaidi ya miaka hiyo haikuonekana katika umbo. Katika muongo wa 1910 watengenezaji walianza kuchanganya mpira na masizi laini ya kiwandani, ambayo huimarisha mpira dhidi ya kusagika na dhidi ya jua. Matairi yakawa meusi na maisha yake yakarefuka sana. Kuanzia hapo, swali la tairi likagawanyika sehemu mbili ambazo hazijaachana tena: mchoro wa uso, na kilichomo ndani ya mpira wenyewe.

Theluji yapata tairi lake

Finland, nchi ambayo barabara zake hufunikwa na theluji kwa miezi mingi, haikusubiri tairi la kufanya kazi zote. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira katika mji wa Nokia kilitoa tairi la majira ya baridi kwa malori, lenye mabonge mapana ya kuchimba theluji, na mwaka 1936 kikatoa la magari madogo lililoitwa Lumi-Hakkapeliitta. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa seti mbili: moja ya kiangazi, moja ya baridi, na siku mbili za kubadilisha kila mwaka.

Vita Kuu ya Pili vilisimamisha biashara ya kawaida lakini viliharakisha kemia. Japani ilipoteka Malaya na visiwa vya Uholanzi vya Indonesia mapema mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza sehemu kubwa mno ya mpira wao wa asili. Marekani iliweka mgawo wa matairi Januari 1942, kabla ya mgawo wa sukari na petroli, kisha ikashusha mwendo wa magari nchi nzima hadi takriban kilomita 56 kwa saa ili matairi yadumu. Serikali ilijenga viwanda vya mpira wa kutengenezwa, uliounganisha butadieni na stairini, njia ambayo wakemia wa Ujerumani walikuwa wameianzisha mwaka 1929. Mpira huo ulibadilisha kazi ya mhandisi. Mpira wa mti huja na tabia zake, bali wa kiwandani huweza kupangwa: aina moja hushika vizuri barabara iliyolowa, nyingine hubaki laini katika baridi kali, nyingine huvumilia msuguano.

Baada ya vita, dereva wa kaskazini mwa Marekani aliishi na suluhisho la nusu. Mwezi wa Novemba alifunga nyuma matairi mawili ya matope na theluji, kama Goodyear Suburbanite au Firestone Town & Country, kwa sababu magari mengi yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, na ilipofika Aprili akayavua. Yalikuwa na mabonge makubwa yaliyovuma kwenye lami na kusagika upesi. Miaka ya 1960 vikaongezwa vipini vya chuma. Vilishika barafu vizuri, lakini vilikwangua lami ilipokuwa wazi. Minnesota ilivipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Ujerumani Magharibi mwaka 1975. Japani, ambako vumbi la lami iliyokwanguliwa lilikuwa kero ya afya katika miji ya kaskazini, ilitunga sheria dhidi yake mwaka 1990. Viwanda vya Japani vikalazimika kutafuta mpira unaoshika barafu bila chuma, ingawa Bridgestone ilikuwa tayari imetoa tairi la namna hiyo, Blizzak, mwaka 1988.

Radiali yafungua njia

Hadi hapo, kikwazo cha tairi moja la mwaka mzima kilikuwa ndani ya muundo wake. Matairi ya zamani yalijengwa kwa tabaka za nyuzi za mshazari zinazopishana. Gurudumu lilipozunguka, tabaka hizo zilisuguana, zikazalisha joto, na uso wa tairi ukajikunja kila ulipogusa barabara. Mikato myembamba ya theluji isingedumu kwenye uso wa namna hiyo: ingefunguka, mabonge yangecheza na mpira ungeliwa kabla ya wakati.

Michelin ilipata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946 na kuanza kuliuza mwaka 1949 kwa jina la Michelin X. Nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja unaokaa kwenye ringi hadi ukingo wa pili, na juu yake hulala mikanda ya waya wa chuma. Ubavu hupinda kwa uhuru huku uso ukibaki bapa juu ya barabara. Tairi likapoa, likadumu zaidi na kupunguza matumizi ya mafuta. Ulaya ililipokea mapema. Viwanda vya Akron vilichelewa, kwa kuwa mitambo ya zamani isingeweza kulitengeneza na magari makubwa ya Marekani yalisanifiwa kwa tairi la zamani. Mwaka 1966 maduka ya Sears yalianza kuuza radiali zilizotengenezwa na Michelin, na mwaka 1970 Lincoln Continental Mark III ikatoka kiwandani ikiwa nazo. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 kulimaliza ubishi.

Shida ya mafuta ilileta badiliko la pili lililosaidia. Watengenezaji wa magari walihamia magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambako uzito wa injini hukandamiza magurudumu yanayovuta. Gari la namna hiyo hupanda kilima chenye theluji kwa tairi la kawaida vizuri zaidi kuliko lile la zamani lililosukumwa kwa nyuma. Wakati huohuo barabara kuu za Marekani zilizojengwa kwa sheria ya 1956 zilikuwa zikisafishwa kwa majembe ya malori na chumvi, na theluji nene ikawa jambo la saa chache kwa madereva wengi wa mjini.

Mwaka 1977

Katika mazingira hayo Goodyear ilitoa Tiempo, tairi la radiali lililouzwa kama tairi la kukaa kwenye gari mwaka mzima. Kashata zake zilikuwa na mifereji na mikato ya kutosha kuhesabiwa miongoni mwa matairi ya matope na theluji, lakini mabonge yalikuwa madogo na yaliyokaribiana kiasi cha kutopiga kelele. Kazi ya mikato ni rahisi kuieleza. Bonge la mpira lililokatwa nyufa nyembamba hujifungua kidogo linapokanyaga theluji. Kila ufa hupata ukingo wa kung'ata, na theluji iliyobanwa ndani yake hushikana na theluji iliyo chini. Kwenye lami kavu, nyufa hizohizo hulilegeza bonge, hurefusha umbali wa kusimama na huharakisha kuliwa kwa mpira. Mhandisi wa tairi la misimu yote huchagua idadi na kina cha nyufa akijua kwamba anatoa upande mmoja ili apate upande wa pili.

Watengenezaji wa magari walilipenda kwa sababu ya biashara. Gari lililotoka kiwandani na tairi hilo liliweza kuuzwa Florida na Minnesota bila tofauti. Mnunuzi naye aliepuka gharama ya seti ya pili, mahali pa kuiweka, na foleni za gereji kila msimu. Katika miaka ya 1980 tairi la misimu yote likawa tairi la kawaida la magari mapya ya familia Marekani. Swali la kuchagua lilihamia dukani wakati wa kubadilisha matairi kwa mara ya kwanza, na hapo mnunuzi alihitaji kusoma ubavu wa tairi.

Alama zilizosema kidogo

Alama iliyoenea kuliko zote ilikuwa M+S, yaani matope na theluji. Shirika la watengenezaji wa mpira wa Marekani liliieleza kwa umbo peke yake: mifereji ianzie ukingoni na kuingia ndani kwa kiasi fulani, na nafasi tupu ya uso isipungue takriban asilimia 25. Hakukuwa na sharti la kulijaribu tairi juu ya theluji, wala la aina ya mpira. Tairi lililokakamaa katika baridi liliweza kubeba alama ileile iliyobebwa na tairi laini.

Serikali ya Marekani ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 mfumo wake wa madaraja matatu: kudumu, kushika barabara iliyolowa, na kuvumilia joto. Daraja la kudumu hupimwa San Angelo, Texas. Magari huenda kwa msafara kwenye mzunguko wa barabara za kawaida wenye urefu wa takriban kilomita 640, yakifuatana na gari lenye tairi la kulinganishia, hadi kufikisha takriban kilomita 11,600. Kisha kuliwa kwa tairi hulinganishwa na kwa lile la mfano lenye alama 100. Tairi la 400 linatarajiwa kudumu mara nne ya la mfano katika njia hiyohiyo. Daraja la kushika barabara hupimwa kwa breki za kunyooka juu ya lami na saruji iliyolowa. Kona hazimo, wala theluji. Mnunuzi wa Chicago au Denver aliona herufi A na kudhani limemalizika swali ambalo kipimo hakikuliuliza.

Mvua yenyewe ilikuwa na elimu yake. Uchunguzi wa shirika la NASA katika miaka ya 1960, uliofanywa kwa sababu ya ndege zinazotua mvuani, ulionyesha kwamba gurudumu huweza kuelea juu ya maji na kuacha kugusa barabara, na kwamba mwendo wa kuanza kuelea hutegemea upepo uliojazwa. Kwa kanuni iliyotokana na uchunguzi huo, tairi lenye upepo wa 32 kwenye kipimo cha gereji hufikia hatari hiyo karibu na kilomita 94 kwa saa katika maji ya kina cha kutosha. Kashata nzuri huahirisha hali hiyo kwa kuyapa maji njia ya kutoka. Tairi lililoisha haliwezi. Mwaka 1991 Goodyear ilitoa Aquatred, lenye mfereji mmoja mpana katikati, na tangu hapo mifereji mikubwa ya kuzunguka tairi imekuwa jambo la kawaida.

Silika, mlima na sheria

Kemia ilisogeza mpaka tena mwaka 1992, Michelin ilipouza matairi ambayo sehemu kubwa ya masizi yake ilikuwa imebadilishwa kwa silika, unga laini wa madini. Kwa masizi, mpira ulioshika vizuri barabara iliyolowa ulikuwa mzito kuviringika. Silika ilipunguza mafuta yanayopotea katika kuviringika bila kudhoofisha ushikaji mvuani, na ilisaidia mpira kubaki laini katika baridi. Ndiyo iliyofanya kizazi kilichofuata cha matairi ya mwaka mzima kiwezekane.

Kasoro ya M+S nayo ilijibiwa. Mwaka 1999 Marekani na Kanada zilipokea alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ili kuipata, tairi lazima livute kwenye theluji iliyoshindiliwa kwa angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Kipimo hicho cha awali kilihusu kuvuta tu. Barafu tupu na umbali wa kusimama havikuwamo. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza kwa neno theluji kwenye ubavu wa tairi kutokana na jaribio lililofanywa juu ya theluji.

Sheria zikaifuata alama. Québec ililazimisha matairi ya baridi kuanzia Desemba 2008, na baadaye ikadai alama ya mlima badala ya M+S. Ujerumani, ambako madereva wengi walifuata kawaida ya kuvaa matairi ya baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka, iliweka wazi mwaka 2010 sharti la kuwa nayo barabara zinapokuwa na theluji au barafu. Matairi ya M+S yaliyotengenezwa kuanzia Januari 2018 hayakuhesabiwa tena kuwa ya baridi bila alama ya mlima, na ya zamani yaliruhusiwa hadi mwisho wa Septemba 2024. Umoja wa Ulaya uliweka lebo ya mafuta, mvua na kelele mwaka 2012, na mwaka 2021 ukaiongezea alama za theluji na barafu.

Mwaka 2015 Michelin ilitoa CrossClimate, tairi lililosanifiwa kutoka upande wa kiangazi lakini likafaulu kipimo cha mlima. Wapinzani wake wakafuata. Kwa hiyo katika maduka ya Amerika Kaskazini majina mawili yanayofanana yana maana tofauti: tairi la misimu yote kwa kawaida lina M+S pekee, bali la hali zote za hewa lina alama ya mlima pia. Jina lililotumiwa kwenye matangazo ya kashata ya almasi zaidi ya miaka mia moja iliyopita limepata kipimo.

Nchi zisizo na theluji

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa matope. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye yalifanyika wakati wa Pasaka, kipindi cha mvua za masika, na udongo mweusi wa mbuga ukawa mtihani wa matairi unaojulikana duniani. Viwanda navyo vilikuja: General Tyre mjini Arusha, iliyoundwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali ya Tanzania na kampuni ya Akron, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009; kile cha Nairobi kilichotengeneza Firestone, na baadaye Yana, kilifungwa mwaka 2016. Soko likabaki la matairi ya kuagizwa, yaliyotengenezwa kwa hali za hewa za wengine.

Hapo alama za ubavuni hubadilika uzito. Watengenezaji huchukulia nyuzi 7 za Selsiasi kuwa mahali mpira wa kiangazi unapoanza kukakamaa, na mchana wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala haukaribii kiwango hicho. Kinachotakiwa ni daraja zuri la joto, ushikaji mzuri mvuani na mifereji mipana kwa masika na vuli. Tairi la kiangazi la Ulaya au la misimu yote lenye M+S hutosha kwa lami. Kwa barabara za udongo, herufi ya kwanza ya M+S ndiyo yenye faida, ingawa udongo unaonata huziba kashata zilizokaribiana, na mabonge yaliyoachana zaidi hujisafisha vizuri. Magari yaliyotumika kutoka mikoa ya baridi ya Japani huweza kufika bandarini yakiwa bado na matairi ya theluji yasiyo na vipini. Yana kashata nene zenye nyufa nyingi na huonekana mapya, lakini mpira wake laini huliwa haraka kwenye lami ya moto na huyumba kwenye kona.

Umri nao husomeka ubavuni. Tangu mwaka 2000, msimbo unaoanza na herufi DOT huishia na tarakimu nne: 3519 ni juma la 35 la mwaka 2019. Kwa matairi ya mtumba tarakimu hizo zina uzito kuliko mwonekano wa kashata, kwa kuwa mpira hukakamaa na kupasuka kwa miaka hata kama haukutembea.

Chaguo lilivyo sasa

Kwa dereva wa kila siku, chaguo limebaki na ngazi nne. Palipo na joto mwaka mzima, tairi la kiangazi au la misimu yote lenye daraja la juu mvuani linatosha. Palipo na baridi kiasi na theluji ya siku chache, inayosafishwa upesi, tairi la hali zote za hewa lenye alama ya mlima limechukua nafasi ya seti mbili. Palipo na theluji ya miezi, seti ya baridi bado inalishinda. Na palipo na barafu tupu, kama Finland, mpira maalumu wa barafu au vipini vya chuma bado vina kazi.

Ngazi hizo hazidumu maisha yote ya tairi. Nchi nyingi zinaruhusu kashata iliwe hadi milimita 1.6, kina kinachoonyeshwa na vikwazo vidogo vilivyo chini ya mifereji, lakini Austria haihesabu radiali kuwa ya baridi ikiwa chini ya milimita 4. Tairi jipya huanza na takriban milimita 8. Kwa kipimo cha Austria, tairi la mwaka mzima hupoteza theluji likiwa limeliwa nusu tu, na mvua huifuata kadiri mifereji inavyopungua kina. Kwenye lami kavu huendelea kukimbia vizuri hadi milimita za mwisho, na hapo ndipo dereva asiyepima kina hudhani kwamba bado analo tairi lilelile alilolinunua.